Mgongo wa Mtani

Karani wa mlangoni aliniuliza hali, nami nikajibu nzuri. Sasa mtu akikuuliza hali unamjibu nini? Hata uwe unatoka kuzika, unasema nzuri kwanza, halafu ndiyo unatoa habari zenyewe. Lakini yule Karani si mtu. Ni kisanduku cha kijivu kilichobandikwa ukutani, na kila neno linalosemwa mbele yake linaingia kwenye shauri, halitoki tena.

"Mkata rufaa, Koplo mstaafu Nyamizi Kasubi, amesema hali yake ni nzuri," kikatangaza ukumbi mzima.

"Wewe!" nikakigeukia. "Sijamaliza!"

Kilikuwa kimemaliza chenyewe. Nikaingia nikikokota miguu, mbeleko ikilia ngiki-ngiki kiunoni. Mbeleko ni ile fremu ya chuma na kitambaa wanayotufunga sisi tulioharibika migongo. Jina lake la kijeshi ni refu mno, ndiyo maana tukaiita hivyo, kwa sababu ukiivaa unabebwa nayo kama mtoto. Bila hiyo siwezi kusimama. Nikiivua usiku natambaa kwa magoti kwenda chooni, na mimi ni mtu mzima niliyezaa.

Sasa Baraza la Rufaa la Majeraha, ambalo pale Tabora kila mtu analiita Baraza la Migongo, lilikuwa limenipa asilimia kumi ya ulemavu. Mwenye chini ya arobaini anarudisha mbeleko. Nikishindwa rufaa siku ile, ningevuliwa pale pale ukumbini, nijue mwenyewe nitafikaje nyumbani.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa Kinyakyusa, Tunsume Mwakalobo, luteni kanali zamani zile, miwani kwenye ncha ya pua. Pembeni yake alikaa Daktari Msuya, kijana mwembamba anayesema polepole kana kwamba kila neno analionea huruma.

"Koplo, tumepiga picha upya," daktari akasema. Ukuta ukawaka, uti wa mgongo wangu ukasimama pale mkubwa kuliko mlango. "Pingili zako hizi hapa. Hakuna ufa. Hakuna iliyohama. Kwa kweli una mgongo wa msichana."

"Basi uchukue huo mgongo wa msichana ulale nao usiku mmoja," nikamwambia. "Unawaka kuanzia hapa kiunoni, unapanda mpaka katikati ya mabega. Kwani unataka kusema naigiza?"

"Hapana. Maumivu yapo, tena makali. Mashine inayaona yakipita." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ila si yako."

Nikamtazama mwenyekiti nione kama anacheka. Hakucheka.

"Si yangu vipi? Yamo mgongoni mwangu!"

"Yanafika kwako," daktari akasema. "Hayaanzii kwako."

Jamani, mimi si mjinga. Nimesoma, nimeongoza watu milimani. Lakini hapo akili iligoma kabisa. Nilikaa nikijipapasa kiuno kama mtu aliyepoteza funguo.

Ikabidi waniulize habari za uzi, wakati uzi naufahamu mimi kuliko wao. Sisi Kikosi cha Wabebaji tuliwekewa uzi mwembamba kama unywele kandokando ya uti wa mgongo, tukapangwa wawili wawili. Kule milimani magari hayapandi na ndege zilikuwa zinatunguliwa, hivyo risasi, maji na chakula vyote vilikwenda kwa migongo yetu. Uzi haukupunguza mzigo hata kilo moja. Kazi yake ilikuwa kuhamisha uchovu na maumivu. Mwenzako akizidiwa, unamchukulia kidogo naye anapumua, mnabadilishana hivyo mpaka mnafika. Vita vilipokwisha wakasema uzi umezimwa.

"Umezimwa kwa wote," Daktari Msuya akasema, "isipokuwa pale ambapo askari alikubali kwa hiari yake, kwa sauti yake, kuchukua maumivu ya mwenzake moja kwa moja. Makubaliano ya hiari jeshi halikuruhusiwa kuyavunja."

"Mimi sikukubali kitu kama hicho."

Mwenyekiti akamwashiria Karani afungue kumbukumbu ya sauti ya uzi wetu, na ukumbi ukajaa mvua.

Niliitambua mvua ile kabla ya sauti zenyewe. Halafu nikasikia mtu anahema, mawe yanaporomoka, na sauti ya Mwinshehe, Praiveti Mwinshehe Zoma, mwenzangu wa uzi, Mzaramo wa Kisarawe.

"Aa, mtani! Mgongo umenikatika! Nyie Wanyamwezi si mababu zenu walikuwa wapagazi? Haya nibebee basi, kazi yenu hiyo!"

Kisha sauti yangu, ya ujana, imejaa ujeuri: "Lete huo mgongo wako, mla nazi wee! Lete wote! Nitaubeba milele, mpaka siku nitakayokufukia!"

Halafu tunacheka. Tunacheka sana, sisi wawili, kwenye matope yale.

Karani akanyamaza. Nami nilikuwa nimetabasamu bila kujijua, tabasamu likaanza kunikauka mdomoni.

"Mwinshehe alikuwa ameteleza kutoka kwenye jabali," nikasema polepole. "Nilidhani ameumia. Lakini aliinuka, akabeba mzigo wake, akanipita."

"Aliinuka kwa sababu maumivu yalikuwa yamekwisha kuja kwako," daktari akasema. Akabadilisha picha. Uti mwingine ukasimama ukutani, na huo hata mimi niliona. Pingili moja chini ya kiuno ilikuwa na ufa, imekaa upande kama jino linalotaka kutoka. "Huyu ndiye yeye. Ikihama zaidi ya hapo, miguu inakufa. Tulimpima akapata sifuri, kwa sababu kila alipoulizwa alisema haumwi popote. Jeraha bila maumivu halihesabiwi, na maumivu bila jeraha hayahesabiwi. Sheria inataka vikutane katika mwili mmoja."

"Na hamwezi kuyazima tu, yasiende kwake wala kwangu?"

"Uzi hauzimi, koplo. Unahamisha tu."

Mwenyekiti akainama mbele. "Sikiliza vizuri, Nyamizi. Ukisema ulimaanisha maneno yale, basi ulimpa mwenzako zawadi, na zawadi si jeraha la vita. Rufaa inaanguka na mbeleko inarudi. Ukisema hukumaanisha, makubaliano ni batili. Uzi unakatwa leo hii, kila mtu anabaki na chake."

"Lakini mheshimiwa, ule ulikuwa utani! Mnyamwezi na Mzaramo! Unajua kabisa!"

"Mimi najua. Nimetaniwa na Wangoni mpaka kwenye msiba wa baba yangu." Akakionyesha kisanduku kwa kidole. "Huyu hajui. Waliomtengeneza hawana watani. Lazima utamke mwenyewe, kwa kiapo, na mwenzako awepo. Yuko nje. Nendeni mkanywe chai, mkirudi utajibu."

* * *

Mwinshehe alikuwa amesimama ukumbi wa nje na gunia la nazi mgongoni. Gunia zima! Mtu mwenye ufa ule! Aliponiona alilitupa chini kwa kishindo, na pigo lile likanichoma mimi kiunoni, nikashika ukuta.

"Mpagazi wangu!" akapiga kelele. "Umezeeka mapema, unatembea kama bata! Nimekuletea nazi, maana najua huku kwenu mnakula asali mpaka meno yanaoza."

"Na wewe bado hujajifunza kuvaa shati lenye vifungo vyote."

Tulipochukua chai alininyang'anya andazi mkononi, akalila lote akinitazama machoni. Ndiyo haki yake. Mtani akichukua chako huna pa kushtaki. Nilimtazama anavyotafuna, amenona, uso unang'aa, nikaona uchungu na furaha vinagombana kifuani na sikujua kipi nikitoe nje.

Tukakaa kwenye benchi. Nikamuuliza, "Jioni jioni, jua likipoa, unapanda minazi, ee?"

"Napanda. Mimi ndiye mkwezi wa kijiji kizima. Nani kakwambia?"

"Na Ijumaa unapiga ngoma mpaka usiku. Jumamosi unalala, hunyanyui kitu mpaka mchana."

"We mchawi?"

"Juzi ulianguka. Si sana, ulikaa chini kwa kishindo."

Akaacha kutafuna. "Nilikosa kidato kwenye mnazi. Hakuna aliyeniona, Nyamizi."

"Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti nachambua mchele. Nikapiga ukunga majirani wakaja." Nikamgeukia. "Miaka yote hii nashindwa kuelewa. Nimetulia, sijabeba kitu, jua likipoa tu, moto! Nimeshakunywa kila mzizi. Nimeambiwa nimerogwa, mpaka shemeji yangu nikamnunia bure. Kumbe ni wewe, uko juu ya mnazi unaimba."

Nikamweleza yote, mvua, mlima, maneno yetu. Mwanzoni alicheka mpaka akapiga paja. "Yaani mashine imeuamini mdomo wa Mnyamwezi!" Kisha akapeleka mkono nyuma, akajibonyeza mgongoni.

"Hapa?"

"Chini. Kushoto kidogo. Hapo hapo." Nilisikia kidole chake. Ee Mungu wangu, nilikisikia kidole chake ndani ya mwili wangu, nikafumba macho.

Aliutoa mkono haraka kana kwamba ameshika jiko.

"Daktari anasema pingili ikihama zaidi miguu inakufa," nikamwambia. "Safari nyingine hutaishia kukaa chini tu. Na hutapata dalili, kwa sababu dalili zote ninazo mimi."

"Lakini sijisikii kitu."

"Ndiyo nakwambia hivyo!"

Akainamisha kichwa. Alipoanza kusema, utani ulikuwa umeisha mdomoni mwake, na mimi sikuwa nimewahi kumsikia bila utani, hata siku tulipozika wenzetu.

"Mpwa wangu anatolewa mwali mwezi ujao. Baba yake alifariki. Mimi mjomba ndiye wa kumbeba begani siku ya ngoma, nimemwahidi tangu mdogo. Nyamizi, sema ulimaanisha. Nibebee mpaka mwali atoke. Baada ya hapo mkate huo uzi, mfanye mnavyotaka."

"Na mbeleko yangu wanachukua leo."

"Nitakununulia fimbo."

Alisema kwa dhati! Hakujua anachoomba, angejuaje, hajawahi kuyaonja. Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumwambia sawa, kaka, nenda kambebe mwali. Yote mawili, kwa pamoja. Nikajiuliza, mtu akikuomba kwa mdomo wake, wewe ni nani umkatalie? Ni mwili wake. Lakini kilio ni changu. Sasa nani mwenye haki na kipi? Nilizungusha swali lile mpaka kichwa kikauma, na hicho angalau nilijua ni changu.

* * *

Tuliporudi Mwinshehe alikaa upande wa pili, gunia lake miguuni. Ile picha ya uti wake walikuwa hawajaizima. Alikuwa ameipa mgongo.

"Koplo Nyamizi Kasubi," mwenyekiti akasema. "Yale maneno uliyoyatamka mlimani. Ulimaanisha au hukumaanisha?"

Mwinshehe alinikazia macho. Akaniashiria kwa kichwa kidogo sana, mara moja. Nibebee.

Nikawaza, mwezi mmoja. Nimebeba miaka, mwezi mmoja una nini? Nitatambaa. Kisha nikamwona juu ya mnazi, anaimba, pingili inateleza taratibu, na mimi niko Tabora nalia peke yangu, najua kila kitu na siwezi kumwita ashuke. Siku pingili itakapohama ningesikia mimi kwanza. Yeye angeshangaa tu mbona miguu haipo. Nikasikia hasira, hasira hasa, kwamba wameniwekea mimi swali hili, mimi wa kujibu, wakati aliyekosea ni kisanduku.

"Sikumaanisha," nikasema. "Ulikuwa utani."

"Nyamizi!" Mwinshehe akasimama. "Mtani, tumeongea nini?"

"Nisamehe. Ulikuwa utani, mheshimiwa, wote, kila neno. Mrudishieni mgongo wake."

Karani akarudia maneno yangu kwa sauti ile ile kavu. Daktari Msuya akamwomba Mwinshehe akae. Hakukaa. Daktari akagusa meza.

Nilidhani nimekufa. Kweli, ndicho nilichokidhani, kwa sababu kulikuwa kimya. Ndani yangu kulikuwa na kelele miaka yote, na ghafla hakuna. Nikavuta pumzi na pumzi ikaenda mpaka chini bila kugonga kitu. Nikaanza kucheka.

Ndipo nikasikia sauti aliyoitoa Mwinshehe. Niliifahamu sauti ile. Ilikuwa yangu, ile ya usiku, ila sasa ilitoka kwenye kifua cha mwanamume. Aliangukia gunia lake, nazi zikatawanyika ukumbi mzima, moja ikabingirika mpaka miguuni pa mwenyekiti.

"Yesu wangu," nikasema. Nikafungua kamba za mbeleko, ikaanguka, nikatembea. Nilipiga magoti mbele yake bila kushika kitu. Alikuwa ameng'ata mkono wa shati.

"Hivi..." akasema. "Hivi vyote? Kila siku?"

"Leo ni nafuu. Hujapanda mnazi."

"Mwanaharamu wee," akasema, machozi yanamtoka, na sikujua ananitukana au ananitania. Nadhani hata yeye hakujua.

Nikamgeukia daktari. "Machela iko wapi?"

"Machela hutolewa kwa mwenye asilimia arobaini," daktari akajibu kwa aibu. "Yeye bado ana sifuri. Itabidi apimwe upya. Sasa vimekutana, jeraha na maumivu, atatibiwa, tutaweza kuifunga ile pingili. Lakini lazima afungue shauri."

"Na mbeleko?"

"Ni ya Baraza," mwenyekiti akasema. Kisha akavua miwani na kuanza kuifuta, akaifuta kwa muda mrefu mno, ameinamisha uso kabisa. "Mimi bila miwani sioni mbali, Daktari."

Daktari Msuya alikuwa ameshaiokota. Tukamfunga Mwinshehe, mimi nikielekeza kila kamba, maana niliujua mgongo ule kuliko mwenye nao. Kaza hapa. Hapo usiguse. Hapo weka kitambaa kwanza.

"Akibebwa awe wima," daktari akanong'ona. "Usimkunje."

Nikachuchumaa, nikampa mgongo wangu wa msichana. "Panda, mzigo."

"Sipandi."

"Mwinshehe, panda."

Akapanda. Nilisimama naye na alikuwa mzito, mzito wa kawaida tu, mtu aliyekula nazi nyingi. Niliusikia uzito wake na sikusikia kingine. Maumivu yake yalikuwa yanamtetemesha mabegani mwangu na mimi sikuyaonja hata kidogo. Hilo ndilo lililoniliza.

"Mwali nitambeba mimi," nikamwambia tukielekea mlangoni. "Mimi ni mtani, nani atanizuia? Wewe utakaa kitini, upige makofi."

"Mnyamwezi abebe mwali wa Kizaramo," akasema kwa tabu, pumzi inakatika. "Watacheka mpaka Kisarawe yote."

"Wacheke."

Tulipofika kwenye kizingiti kile kisanduku kikawaka taa.

"Praiveti mstaafu Mwinshehe Zoma. Hali yako?"

Nikasikia anajikusanya mgongoni kwangu. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Nzuri tu, bwana," akasema. "Nimepanda Mnyamwezi, nataka nini tena?"

"Praiveti mstaafu Mwinshehe Zoma amesema hali yake ni nzuri na hana mahitaji zaidi," Karani akatangaza.

Niligeuka pale pale, naye akiwa mgongoni, nikarudi ukumbini nikizikanyaga nazi.

"Futa!" nikapiga kelele. "Mheshimiwa, mwambie huyo mjinga wa ukutani afute! Anatania! Mtu huyu anaumwa. Anaumwa kuanzia hapa mpaka hapa, na jioni yanazidi, na akipiga chafya yanashuka mguu wa kushoto, na usiku yanamwamsha. Kama hamumwamini, niulizeni mimi."

Mwenyekiti akavaa miwani yake. "Karani," akasema, "mwandike Nyamizi Kasubi, shahidi."

Sikumshusha. Nilisimama katikati ya ukumbi na Mwinshehe mgongoni, ananililia shingoni, nikaanza kuyataja maumivu yake tangu ile siku ya mvua.